Lete na Maji Yake

Jumatano, saa nne kasorobo,
nilinunua samaki watatu dukani kwa Swabri,
nyuma ya soko la Malindi, penye harufu ya rangi na chakula cha kuku.
Wawili wa rangi ya chungwa bivu, mmoja mweusi
mwenye mkia kama leso iliyoloa.
Mia tano, mia tano. Sikuomba kupunguziwa:
Rukia binti yangu alikuwa ameshawapa majina.

Mji huu samaki ni wa kupara, kutia ndimu, kutosa mafutani.
Tafi, changu, kolekole, twawajua kwa ladha.
Kumjua samaki kwa jina lake
ni jambo nililojifunzia ukubwani.

Mifuko imepigwa marufuku; aliwatia mtungini.
Maji nilikuwa nimeyaandaa tangu Jumatatu,
ndoo wazi, dawa ya bomba ipae,
nikiilinda kama maziwa jikoni.
Alhamisi yule mweusi akaegemea kioo.
Ijumaa, kabla ya adhana,
wote watatu wako juu, ubavu,
na magamba yao yamejaa vidoa vyeupe,
kana kwamba mtu amewatia chumvi kabla ya wakati.

Sikuwatupa.
Niliwaweka kwenye mkebe wa siagi, ndani ya friza,
nikaandika juu: USHAHIDI.
Mume wangu aliufungua usiku akitafuta barafu.
Akasoma. Akafunga. Hakuuliza.

Mama Sidi alicheka mpaka akashika ukuta:
"We! Samaki akifa si kesi, ni kitoweo!"
Nikacheka naye. Lakini elfu moja mia tano
ni sare kumi na tano za shule nilizozipinda
hadi kidole cha sindano kikaingia ganzi.

Jumamosi nikabeba mkebe, na chupa ya maji yangu,
na simu yenye ujumbe wa malipo.
Swabri akanionyesha ukutani,
karatasi iliyofifizwa na jua:
BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI.
"Hiyo ni ya viatu," nikamwambia. "Kiatu hakipumui."
"Basi mimi si Mungu. Siuzi dhamana ya uhai."
Mteja mmoja, pumba mkononi, akasahau kulipa.

"Sikudai uhai, Swabri. Ajali yao iko kwa Mola wao.
Nadai kile ulichokijua ukaninyamazia.
Ukiuza mbuzi mgonjwa nawe wajua,
dini ina hukumu yake, serikali ina sheria yake,
na marehemu mama alikuwa na neno lake,
ila hilo sitalisema, kuna watoto."

"Ni maji yako. Visima vya huku vina chumvi."
Nikaiweka chupa mezani. Pima.
Hakuwa na kipimo. Alikuwa na ulimi.
Ndipo nikatazama birika lake la pembeni:
kijisamaki kinajisugua kwenye kokoto kama kinachowashwa,
na mgongoni mwake, chumvi ileile.

Hakuna aliyesema kitu. Pampu ya hewa tu,
bubu-bubu-bubu, kama mtoto anayesengenya chini ya maji.

Hakurudisha zote. Alitoa elfu moja, noti imekunjwa mara nne.
"Mia tano ya yule mweusi naibakiza.
Nilikwambia mkia wake umechoka, ukamtaka hivyohivyo."
Ni kweli aliniambia.
Nilikuwa nimelisahau hilo, au nimelifunika.
Nikapokea. Nikamwachia chupa yangu ya maji.

Wiki iliyofuata nilipita nikienda kununua uzi.
Karatasi ya zamani imebanduliwa, gundi imebaki pembe nne.
Mpya ameiandika kwa mkono, hati ya kulalia:
SAMAKI AKIFA NDANI YA SIKU TATU
MLETE. LETE NA MAJI YAKE.

Rukia anauliza kama tutanunua wengine.
Sijamjibu. Birika liko dirishani karibu na cherehani.
Kwa sasa nimetia vifungo:
vingi vya chungwa, na kimoja cheusi.